Namna ya kuzipa majina fanksheni zako za C bila kuwachanganya wenzako

Vijana wanaokuja Jumamosi tuandike msimbo pamoja hapa Mbeya wana maswali matatu yasiyoisha. "Kaka, fanksheni niziite kwa Kiswahili au Kiingereza?" "Kaka, mbona linka inasema `anza` ipo mara mbili na mimi nimeiandika mara moja?" "Kaka, hii ikirudisha sifuri imefaulu au imeshindwa?" (Linka ndiyo inayounganisha mafaili yaliyokwisha kukompailiwa yawe programu moja.) Nimejibu kwa mdomo mpaka sauti imekauka. Leo nayaandika, na ukiniuliza tena nitakuelekeza hapa.

Mwongozo ni wa C, lugha ya kuandikia programu, ndiyo ya keneli (kiini) ya Linux na ya vifaa vidogo tunavyochezea wengi wetu. Mwenye kutumia Rust au C++ ataokota mawili matatu njiani. Mfano nitakaoshika nao mwanzo hadi mwisho ni programu ya kifaa kinachopima joto ndani ya ghala la viazi kule Uyole, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha adabu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Linux. Ukiwa na Windows, WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows) inatosha.
- Kompaila (inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) na vifaa vyake: `sudo apt install build-essential git`. Hapo utapata `gcc`, `nm` na `git`. Bando dogo linamaliza kazi.
- Programu yako mwenyewe yenye mafaili mawili ya `.c` au zaidi. Kwa faili moja hutaona faida ya mengi ya humu.
- Kila kitu kiwe ndani ya git (inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la mafaili yako), na kiwe kimehifadhiwa. Umeme wa kwetu unaujua, na kubadilisha majina katikati ya giza si mchezo.
- Faili tupu liitwe `MAJINA.txt`. Utaliona lina kazi gani.

Nadharia, moja tu

Ukisimama katikati ya soko la Mwanjelwa ukaita "Mama Neema!", watageuka watano. Ndiyo maana watu husema "Mama Neema wa viazi" au "Mama Neema wa mitumba". C ni soko la namna hiyo. Majina yote ya fanksheni ambayo hukuyafungia ndani ya faili lake yanakaa uwanja mmoja, pamoja na ya maktaba ulizounganisha. C haina vyumba vya majina kama C++ au Rust. Kwa hiyo lile neno "wa viazi" lazima uliweke mwenyewe.

Hatua ya 1: Yaone majina uliyonayo

Kompaili bila kuunganisha, kisha orodhesha:

```
gcc -c *.c
nm -g --defined-only *.o
```

Kila mstari wenye `T` kubwa ni fanksheni inayoonekana na programu nzima. Mara ya kwanza karibu kila mtu hushtuka. Kijana mmoja alikuwa na fanksheni 40 na zaidi zilizo wazi, na zinazotumika nje ya faili lake zilikuwa 6.

Hatua ya 2: Fungia ndani zisizo na kazi nje

Weka `static` mbele ya kila fanksheni inayoitwa ndani ya faili lake peke yake. Ukirudia `nm` bila `-g`, utaona zimekuwa `t` ndogo. Hizo hazigombani tena na mtu. Unaweza kuzipa majina mafupi, `soma`, `pima`, upendavyo. Zilizobaki na `T` kubwa ndizo zinazostahili jasho lako, na hatua zote zinazofuata ni zao.

Hatua ya 3: Chagua lugha moja

Hapa nitakaa kidogo.

Mimi sina ugomvi na Kiswahili ndani ya msimbo. Kama mradi ni wenu na wanaousoma wako Mbeya, Njombe na Iringa, andikeni Kiswahili. Kama unataka kupeleka kazi yako kwenye keneli ya Linux au maktaba ya watu wa mbali, andika Kiingereza na usitafute ubishi. Kinachoniudhi ni mseto: `soma_temp`, `get_joto`, `init_upya`. Mtu akitafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, hajui atafute `soma`, `read` au `get`.

Kiswahili kina faida moja ambayo sijaona ikisemwa. Kitenzi chetu hujitangaza kama ni amri au ni hali. `ghala_jaza` ni amri, `ghala_limejaa` ni hali, na hakuna atakayechanganya. Kiingereza hakina uhakika huo. Kwenye C++ kuna fanksheni iitwayo `empty`. Wanaoanza hudhani inamwaga vilivyomo, kumbe inauliza tu kama pametupu. Ya kumwaga ni `clear`. Makosa yalikuwa mengi kiasi kwamba toleo la C++20 liliibandika `empty` alama ya `[[nodiscard]]`, ili kompaila ikuonye ukipuuza jibu lake.

Hasara nayo ipo, na jina lake ni *funga*. Tunafunga mlango. Tunafunga mashine, maana yake tunaisimika. Tunafunga kufuli, tunafunga mbuzi kwa kamba, tunafunga goli, tunafunga Kwaresma. Kwenye ile programu ya Uyole mwenzangu aliandika `funga_sensa()`, yeye akiwa na maana ya kuisimika sensa (kifaa kinachohisi joto) kwenye jedwali. Mimi nikaisoma kama kuifunga baada ya kuitumia, nikaiweka mwisho wa mzunguko unaokimbia kila dakika. Jedwali lilikuwa na nafasi 16. Dakika ya 17 programu ikaanguka, tukaiwasha, ikaanguka tena baada ya muda uleule. Tulibadilisha waya, tukabadilisha chanzo cha umeme, tukamlaumu panya. Siku mbili zilikwenda, na mwenye ghala anatuangalia tu.

Tangu hapo tuna `MAJINA.txt`. Ndani yake kila kitenzi kina maana moja, na jozi yake iko pembeni:

- `fungua` / `funga`: faili na bandari za mawasiliano, basi.
- `sajili` / `ondoa`: kuingiza kitu kwenye jedwali na kukitoa.
- `shika` / `achia`: kufuli, linalozuia sehemu mbili za programu kugusa kitu kimoja kwa pamoja.
- `unda` / `vunja`: chochote kinachotengewa kumbukumbu.

Tahadhari nyingine ya Kiswahili: jozi zetu nyingi hutofautiana kwa herufi moja tu. `pakia` na `pakua`, `tega` na `tegua`. Saa saba usiku macho hayazitofautishi. Ukiweza kuchagua jozi zinazotofautiana kwa sura, kama `sajili` na `ondoa`, chagua hizo.

Kuhusu mwandiko, tumia herufi ndogo na kistari cha chini: `ghala_soma_joto`. Ndivyo ilivyo keneli ya Linux, na kompaila ya Rust hukuonya ukienda kinyume. Windows wana mtindo wao wa herufi kubwa katikati, `CreateFileW`, na ukiandika huko fuata wa huko.

Hatua ya 4: Weka "wa viazi" mbele

Kila fanksheni ya wazi ianze na jina la moduli yake: `ghala_`, `sensa_`, `tuma_`. Kisha kitu, kisha kitendo: `ghala_sensa_sajili`. Utakuta mpangilio huohuo kwenye `pthread_mutex_lock`, na kiambishi cha moduli kwenye `sqlite3_open`. Ukiyapanga majina kwa alfabeti, ya familia moja yanakaa pamoja.

Kosa la kawaida hapa halionekani kwa macho, na linatuhusu sisi Waswahili hasa. Kiwango cha C (waraka rasmi wa sheria za lugha) kimejiwekea akiba baadhi ya mianzo ya majina. Fanksheni za wazi zinazoanza na `is` au `to` ikifuatwa na herufi ndogo zimewekewa maktaba ya `ctype.h`, zinazoanza na `str`, `mem` au `wcs` ikifuatwa na herufi ndogo zimewekewa maktaba za maneno na kumbukumbu. Sasa angalia kitenzi chetu *toa*. `toa_maji` inaanza na `to` na herufi ndogo. `ishara_tuma` nayo inaanza na `is`. Kompaila haitakupigia kelele leo, na huenda isipige kamwe, lakini uko kwenye kiwanja cha mwenyewe. Dawa ni kiambishi kilekile: `bomba_toa_maji`, umemaliza.

Vilevile usianze jina na vistari viwili vya chini, au kistari na herufi kubwa. Hayo ni ya kompaila na maktaba yake. Utayaona tele kwenye keneli, `__` mbele ya fanksheni za ndani. Keneli ina nyumba yake na sheria zake, usiige ukiwa kwako.

Hatua ya 5: Amri au swali? Jibu kabla hujaandika jina

Hili ndilo swali la tatu la Jumamosi. Mwongozo wa mwandiko wa keneli ya Linux unalimaliza vizuri. Jina likiwa amri, fanksheni irudishe namba ya kosa: 0 ikifaulu, hasi ikishindwa. Jina likiwa swali, irudishe kweli au si kweli. Mifano yao wenyewe ni `add_work()`, ambayo ni amri, na `pci_dev_present()`, ambayo ni swali. Kwetu:

```
int  ghala_sensa_sajili(struct sensa *s); /* 0 sawa, hasi kosa */
bool ghala_limejaa(const struct ghala *g); /* Kweli au si kweli */
```

Mtego uko kwenye kuita. Mtu akiandika `if (ghala_sensa_sajili(s))` anajisomea "kama imesajiliwa", na kompyuta inasoma "kama imeshindwa". Kwa amri, andika ulinganisho wote: `if (ghala_sensa_sajili(s) < 0)`. Herufi nne za ziada hazikuui. Ndugu wa kosa hili ni `strcmp`, inayorudisha 0 maneno yakiwa sawa. Sijui mtu ambaye haijamwangusha.

Usidhani wakubwa hawajichanganyi. Ndani ya keneli hiyohiyo, `mutex_trylock` ikilipata kufuli inarudisha 1, na `down_trylock` ikilipata inarudisha 0. Zote zinaishia na neno moja, majibu yamegeuzwa kichwa chini, na maelezo yaliyo juu ya ile ya kwanza yanakuonya waziwazi uwe makini unapohama kutoka moja kwenda nyingine.

Hatua ya 6: Nani ataivunja?

Fanksheni inayokurudishia pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) inakuachia swali: hii kumbukumbu niifute mimi au niiache? `strdup` inakupa nakala, ni juu yako kuifuta kwa `free`. `strchr` inakuonyesha mahali ndani ya neno lako mwenyewe, na ukiifuta umejiharibia. Majina yao hayakusaidii, unakariri tu.

Za kwako zisaidie. Sisi tuliafikiana kwamba ikiishia na `_nakili`, mpokeaji ataivunja: `sensa_jina_nakili`. Bila hilo neno, ni ya kuangalia tu. Watu wa Rust wameliweka vizuri zaidi: `as_` ni kutazama, `to_` ni kutengeneza nyingine, `into_` ni kumeza ya mwanzo. Keneli nayo ina `get` na `put` kwa vitu vinavyohesabiwa watumiaji wake. Ukiona moja, tafuta mwenzake.

Kila `unda` iwe na `vunja` ndani ya faili lilelile la `.h` (la kutangazia fanksheni), mstari wa chini yake. Ukikosa cha kuandika hapo chini, umepata uvujaji wa kumbukumbu kabla haujatokea.

Hatua ya 7: Kipimo kiingie kwenye jina

`ghala_soma_joto()` inarudisha 12500. Ni nini hiyo? Linux yenyewe inaandika joto kwa elfu za digrii, kwa hiyo 12500 ni digrii 12.5, joto la kawaida kabisa la ghala lenye kivuli huku kwetu. Asiyejua hilo atatangaza moto. Tuliiita `ghala_joto_elfu`. Vivyo hivyo muda: `usleep` ni mikrosekunde, na kwenye keneli `msleep` ni milisekunde. Herufi moja, tofauti mara 1,000.

Hatua ya 8: Badilisha, jina moja kwa mara moja

1. Tafuta jina zima: `grep -rnw funga_sensa .`
2. Badilisha: `sed -i 's/\bfunga_sensa\b/ghala_sensa_sajili/g' *.c *.h`
3. Soma `git diff` kwa macho, maana `sed` hugusa hata maelezo na maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu.
4. Kompaili kwa `-Wall -Wextra`.
5. Hifadhi kwa git, kisha nenda jina linalofuata.

Usibadilishe majina kumi kwa mpigo ukidhani unaokoa muda. Likiharibika moja, hutajua ni lipi.

Na usifupishe bila sababu. `strcpy` na `strlen` zilizaliwa wakati ambapo linka nyingi hazikuona zaidi ya herufi 6 za mwanzo. Kiwango cha C cha 1989 kiliahidi hizo 6 tu kwa majina ya wazi. Kile cha 1999 kiliahidi 31. Sababu ya kuandika `ghsmjt` iliisha zamani.

Mambo yakikwama

*Linka inasema "multiple definition".* Mafaili mawili yana jina moja la wazi. Rudi hatua ya 2 au ya 4. Kama una hakika umeiandika mara moja, angalia faili la `.h`: mwili wa fanksheni ukikaa humo, kila `.c` inayolialika inapata nakala yake. Uhamishie kwenye `.c`, au uufanye `static inline`.

*Linka inasema "undefined reference".* Mara nyingi ni `sed` iliyosahau faili moja, au jina linalotengenezwa na makro (kifupisho kinachopanuliwa kabla ya kukompaili) kwa alama ya `##`. Jina la namna hiyo grep hailioni kwa sababu halijaandikwa popote likiwa zima. Tafuta vipande vyake.

*Hiyohiyo, lakini `nm` inaonyesha kitu kama `_Z10ghala_somav`.* Umechanganya C na C++. C++ hulikunja jina pamoja na aina za vigezo vyake; 10 hapo ni idadi ya herufi za `ghala_soma`. Upande wa C++, tangaza fanksheni hiyo ndani ya `extern "C"`.

*Kompaila inasema "defined but not used" baada ya kuweka `static`.* Hilo si tatizo, hakuna anayeiita. Ifute. Git inaikumbuka.

*Kila kitu kinakompaili, lakini programu inafanya vituko.* Pitia orodha ya hatua ya 1 uone kama hukuiita fanksheni yako `read`, `time` au `index`. Maktaba nyingine zinazotafuta ile halisi zinaweza kuikuta ya kwako.

*Kuna watu wanatumia jina la zamani na huwezi kuwafikia wote.* Liache, liwe fanksheni ndogo inayoita mpya, na ulibandike `__attribute__((deprecated))`. Kompaila itawaonya kwa niaba yako.

*Jina halipatikani kabisa.* Umekaa nusu saa, chai imepoa, na kila unaloandika ni refu: `ghala_soma_na_hifadhi_na_tuma`. Hesabu hizo "na". Hapo ziko mbili, kwa hiyo ni fanksheni tatu. Zigawe kwanza, majina yatakuja yenyewe: `ghala_soma`, `ghala_hifadhi`, `ghala_tuma`, na ya nne inayoziita kwa zamu, `ghala_zungusha`.